Tulale wapi Mombasa? Uliza kwanza jirani ni nani

Kila Novemba simu yangu hujaa swali moja. "Bro, tunaenda Mombasa Desemba, tulale wapi?" Najua venye hizi safari hupangwa. Mnaanza kuchanga Agosti, mnafungua kikundi cha WhatsApp, mnachagua mweka hazina, na kuna yule msee mmoja ambaye atatuma pesa "kesho" hadi siku ya kupanda basi. Kisha usiku mmoja mtu anatupa kwa kikundi picha ya nyumba yenye bwawa la kuogelea, kila mtu anasema "wacha tuchukue hiyo," na stori imeisha. Hakuna mtu ameuliza hiyo nyumba iko mtaa gani.

Jibu langu fupi ni hili. Kama unaenda kuiona Mombasa, lala kisiwani, na ukiweza lala Mji wa Kale, kwa nyumba ambayo mwenyewe pia analala hapo. Kama unaenda kucheza ngoma na kunywa hadi asubuhi, lala Mtwapa na hakuna mtu atakuhukumu. Shida ni kulala Mtwapa halafu urudi Machakos ukisema unaijua Mombasa.

Jibu refu lina aibu yangu ndani, lakini wacha nilitoe.

Safari mbili ambazo sikufika

Mara ya kwanza nilienda na chuo. Wengi mnajua nilisomea utalii hadi mwaka wa pili, kisha karo ikakwama na mimi nikakwama nayo. Lakini safari ya mwaka wa kwanza niliiwahi. Tulifika Fort Jesus saa nne asubuhi. Tukaambiwa Wareno walianza kuijenga 1593, kwamba aliyechora ramani ni Mwitaliano anaitwa Cairati, kwamba Waomani waliizingira kutoka 1696 hadi 1698 ndipo wakaichukua, na kwamba Waingereza waliigeuza jela. Tukapiga picha na mizinga. Saa sita basi likatuchukua tukaenda kula kwa hoteli ya ufuoni. Mji wa Kale uko hapo hapo nyuma ya ngome, unatembea dakika mbili, na sisi tuliuona kwa dirisha la basi. Nikarudi nikaandika kurasa nane kuhusu urithi wa Mji wa Kale, nikapewa B. B ya mtaa ambao sikuwahi kukanyaga, manze.

Mara ya pili ilikuwa Desemba, na mabeshte saba. Tulichukua nyumba ya vyumba vitatu kule Bamburi, elfu kumi na mbili kwa usiku, siku nne. Ukigawa kwa watu wanane ni elfu sita kila mtu, tukaona tumeibia dunia. Funguo tulizikuta kwa kisanduku chenye namba za siri. Mwenye nyumba hatukuwahi kumwona, tulimtumia pesa tu, na kwa simu alisema yuko Nairobi. Chakula tulinunua supamaketi. Jioni tulikuwa kwa bwawa, usiku tulikuwa klabu, mchana tulikuwa tumelala.

Siku moja tu tukasema twende mjini. Tukapata jam barabara ya Malindi, tukapata jam nyingine pale daraja la Nyali, na tulipofika Fort Jesus askari wa getini alikuwa anafunga. Tukapiga picha ukutani kwa nje, tukarudi. Nilitumia kama elfu kumi na saba, nyingine zilikuwa za Fuliza.

Niliporudi nyumbani nikamwonyesha susu wangu video. Susu ana miaka zaidi ya sabini na hajawahi kuona bahari. Akatazama bwawa, akatazama balkoni, akatazama sebule ya vigae vyeupe, akaniuliza, "Sasa hapa si ni Syokimau?"

Nilicheka, lakini hiyo sentensi haikuniacha. Aliona vizuri. Nilisafiri zaidi ya kilomita mia nne kwenda kulala Syokimau yenye joto.

Mara ya tatu

Aprili nikaenda peke yangu na elfu kumi mfukoni. Nilisimamisha basi la usiku pale Kyumvi, elfu moja mia tano. Alfajiri nikashuka Mwembe Tayari, nikapanda tuktuk hadi Mji wa Kale. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi ni nyembamba na zimesimama kama za mnazi, feni moja, bafu ya kushirikiana, elfu moja mia tano na chai ya asubuhi ndani. Mwenye nyumba ni bibi mmoja wa makamo anayeishi ghorofa ya chini na mwanawe. Kabla hajanipa ufunguo aliniuliza nimekula nini.

Sasa fanya hesabu. Basi kwenda na kurudi, elfu tatu. Chumba siku tatu, elfu nne mia tano. Zikabaki elfu mbili mia tano za chakula, tuktuk na kiingilio cha Fort Jesus. Zilitosha, na zilitosha juu sikuwa na haja ya gari. Kila kitu nilichokuja kuona kilikuwa umbali wa miguu.

Asubuhi unaamshwa na azana. Unatoka, unapata mama anauza mahamri na mbaazi za nazi kando ya njia, unakula umesimama. Unashuka Ndia Kuu, barabara ya zamani kabisa ya huo mji, wakati milango bado inafunguliwa mmoja mmoja na watoto wa madrasa wanapita na vitabu. Unapita karibu na Msikiti wa Mandhry, ambao umekuwa hapo tangu karne ya 16. Unafika bandari ya zamani, ile ambayo majahazi yalikuwa yakiingia kutoka Arabuni na Bara Hindi na upepo wa kaskazi. Ikifika saa mbili uko Fort Jesus kabla mabasi ya shule hayajafika, na una ngome yote peke yako na jua ambalo bado ni la upole.

Mchana joto likizidi unafanya kama wenyeji, unarudi kulala. Hiyo peke yake siwezi kukueleza thamani yake. Mtu anayelala Bamburi akishafika kisiwani lazima azunguke saa sita mchana kwenye jua kali, kwa sababu hana pa kurudi. Mimi nilikuwa na kitanda dakika tano kutoka hapo. Saa kumi nikatoka tena, nikapitia Marikiti kuona viungo, kisha nikaenda Mama Ngina kula mihogo na kachri na kunywa dafu nikitazama meli zikiingia Kilindini.

Usiku ndio ulinimaliza. Wazee wanakaa barazani na kahawa chungu kwa vikombe vidogo, kuna halwa, kuna tende, na ukisalimia vizuri unapewa nafasi. Mzee mmoja aliposikia natoka Ukambani akasema, "Nyinyi Wakamba si wageni hapa. Wenzenu walishuka na pembe kabla ya reli." Na ni kweli. Kivoi Mwendwa wa Kitui alikuwa akishuka pwani na misafara ya pembe za ndovu miaka ya 1840, na ni kwake Krapf alikuwa amefika Desemba 1849 alipouona Mlima Kenya. Hiyo nilikuwa nimeisoma. Lakini ni mara ya kwanza nilisikia mtu akiitaja kama jambo la majirani, siyo swali la mtihani.

Ni huyo huyo mzee aliniambia huo ndio mji wa Muyaka bin Haji. Unamkumbuka? Yule wa ushairi tuliyemkariri Kidato cha Tatu bila kuelewa. Mimi nilidhani ni mtu wa kitabuni. Kumbe lugha yake bado inaongewa dukani watu wakinunua sukari.

Mama wa mlangoni

Siku ya pili asubuhi niliona mlango. Mlango wa mbao, umechongwa maua na minyororo kwenye fremu, na mbele yake mama ameketi barazani anachambua mchele kwa ungo, wajukuu wawili kando yake. Jua lilikuwa limeingia kichochoroni vizuri kabisa. Mimi ni mtu wa kontenti, macho yangu hufanya hesabu kabla sijafikiria. Nikainua simu.

Mama akavuta mtandio akafunika uso. Kisha akaniita. "Mwanangu, ndoo hapa."

Nikaenda.

"Watoka wapi?"

"Machakos, mama."

"Na mimi nikija huko Machakos, nikasimama mlangoni kwa mamako, nikampiga picha akipika bila hata kumwamkia, atanikaribisha?"

Sikuwa na jibu. Nikasema shikamoo nikiwa nimechelewa, nikaomba msamaha, nikafuta ile video akiwa anaona. Akatazama simu hadi ikapotea. Akasema, "Mlango piga. Sisi tuwache." Akawaingiza wajukuu ndani, akaniachia mlango.

Ile picha ya mlango ninayo. Haina mtu. Ni picha yangu bora ya safari nzima na karibu nisiiweke popote.

Sasa sikiza kwa nini nakupa hii stori kwenye mambo ya malazi. Kama ningekuwa nalala Bamburi, yule mama angefunika uso, mimi ningeondoka, ningerudi kwa bwawa, ningeweka video na muziki juu yake, na ingepata watazamaji wengi. Hakuna kitu kingenizuia. Lakini nilikuwa nalala vichochoro viwili kutoka hapo. Kesho asubuhi ningepita mbele ya huo mlango tena, na jioni, na kesho kutwa. Ilibidi niyamalize. Ukilala mahali unapata jirani, na ukipata jirani inabidi uwe mtu. Ukiwa unakuja na kutoka tu, unaweza kuwa kamera yenye miguu.

Na mimi hilo nafaa kulijua kuliko wengi, kwa sababu nimekulia upande ule mwingine. Watu wa Nairobi huja Machakos Jumamosi. Wanaenda Kyamwilu kumwaga maji barabarani waone yakipanda mlima, wanapita People's Park, wanawarekodi watoto wa wenyewe wakicheka, jioni wanarudi kwao. Hakuna anayejua kwamba huu mji ulikuwa kituo cha utawala cha Waingereza kabla reli haijafika Nairobi 1899, na kwamba reli ilitupita mbali ndiyo maana tukabaki hivi. Hawajui kwa sababu hawalali. Nishawahi kuwa mtoto kwenye video ya mtu nisiyemjua. Nilikuwa nimevaa sweta ya shule imeraruka kiwiko. Hadi leo najiuliza ile video iko wapi.

Ushauri wa Prague hauingii Mombasa

Kuna kitu kingine kinaniudhi kwa sisi watu wa kontenti. Tunakopi ushauri wa safari kutoka Ulaya neno kwa neno. Umeshasikia, "usilale mji wa zamani, ni ghali, ni kelele, ni wa watalii, lala nje kidogo uingie asubuhi." Mimi nilifuatilia huu ushauri unatoka wapi, nikaupata sana kwenye video za Prague, kule Czechia.

Na kwa Prague una maana. Kitovu chake cha zamani kiko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1992, na watalii wamejaa hadi kwenye Daraja la Charles husukumani. Watu wa huko hukuambia lala Vinohrady au Žižkov, mitaa ya watu wa kawaida, kuna mikahawa, bei ni nafuu. Lakini angalia kitu kinachofanya huo ushauri usimame. Prague ina metro, ina tramu, na tramu zingine hutembea usiku kucha. Ukilala Žižkov hauko mbali na mji, uko mwisho wa tramu tu.

Sisi tuna tramu wapi? Kisiwa cha Mombasa unakiingia kwa njia chache. Kuna Makupa upande wa bara, daraja la Nyali upande wa kaskazini, na feri ya Likoni upande wa kusini. Kila mtu anayelala nje lazima apite mojawapo ya hizo, na watu wote wanaofanya kazi mjini wanapita hapo pia. Halafu bei. Huko mji wa zamani ndio ghali na pembeni ndio rahisi. Kwetu ni kinyume, nyumba za bwawa kule Nyali ndizo za bei, na chumba cha kawaida Mji wa Kale ni cha mtu wa kawaida. Kwa hivyo anayekuambia ulale nje ya kisiwa ili uokoe pesa na ukae na wenyeji, anakuuzia Prague na wewe uko Mombasa.

Lakini kuna kitu kimoja cha Prague ambacho tunafaa kukikopi, na hicho hakuna anayekitaja. Wenyeji wa kitovu cha ule mji wamelalamika kwa miaka kwamba nyumba zinageuzwa za wageni wa siku mbili, kodi zinapanda, majirani wanahama, na wanaobaki hawalali kwa kelele za walevi. Mwaka wa 2024 mji ukapiga marufuku zile ziara za kupangwa za kuzungusha watu baa hadi baa usiku. Barcelona nayo mwaka huo huo ilitangaza kwamba kufikia 2028 haitakuwa na leseni tena za nyumba za watalii. Hao ni watu walioishi kwa utalii, na sasa wanajaribu kuuvuta breki.

Na hapa ndipo lazima nijipinge mwenyewe. Mimi nina watu wanaonifuata. Nikisema "laleni Mji wa Kale" na mia tatu wakaja Desemba wote na spika zao, nitakuwa nimefanya nini? Mtu mwenye pesa Nairobi ataona soko, atanunua nyumba ya ghorofa tatu, atawahamisha wapangaji, ataweka kisanduku cha funguo mlangoni. Baada ya miaka kumi mlango utakuwepo, mama wa kuchambua mchele hatakuwepo, na mimi nitakuwa nimechangia. Hiyo hofu ninayo kwa ukweli. Nimekaa na hii makala wiki tatu kwa sababu yake.

Nilichoamua ni hiki. Siwezi kuwaambia msiende, ule mji ni wenu pia na wenyeji wake wanahitaji riziki. Lakini sharti langu ni moja, lala kwa nyumba ambayo mwenyewe analala. Pesa yako inabaki mtaani, inanunua samaki hapo hapo. Mwenye nyumba anakuwa ndiye anayekutambulisha, na pia anayekuaibisha ukikosea. Na familia inapata sababu ya kubaki kwa nyumba yake badala ya kuiuza. Kisanduku cha funguo ukikiona Mji wa Kale, ruka.

Mitaa yenyewe, bila kuficha

Mji wa Kale: Wa mtu anayetaka kutembea, kula, kusikiliza. Siyo wa pombe, hakuna baa hapo na usiingie na chupa yako. Siyo wa gari, vichochoro vingine hata tuktuk haiingii. Maji yanaweza kuwa ya chumvi, feni ikizimika na stima utatoa jasho, na azana ya alfajiri haikuulizi ulilala saa ngapi. Ukienda na mpenzi, uliza mapema na kwa heshima, nyumba zingine hawapendi wasio na ndoa walale chumba kimoja, na hapo ni kwao. Usiku ulizia njia ipi upite na ipi uache, na simu usiitembeze mkononi. Hata hapa kwetu stendi hufanyi hivyo.

Kizingo, Ganjoni na Tudor: Hii ndiyo njia ya katikati. Uko kisiwani, ni mitaa mitulivu zaidi, kuna miti, kuna mahali pa kuegesha gari, na Mji wa Kale ni tuktuk fupi. Kizingo uko karibu na Mama Ngina. Ukienda na wazazi au watoto wadogo, ngazi za Mji wa Kale zitawashinda, kwa hivyo anza na hii.

Nyali na Bamburi: Za bahari na za maduka makubwa. Kuna Haller Park, ambayo ilikuwa machimbo ya simenti ikageuzwa msitu, na kuna ufuo wa Pirates ambao Jumapili hujaa familia. Ni pazuri, sikatai. Lakini ukilala huko tenga siku nzima ya kisiwa na uondoke mapema asubuhi. Usifanye kama sisi.

Mtwapa: Ni ng'ambo ya mto wa bahari, na kiserikali ni Kaunti ya Kilifi. Klabu, nyama choma, usingizi wa mchana. Kila mtu anajua anaenda kufanya nini Mtwapa. Sema tu ukweli.

Diani: Mchanga mweupe kuliko wote, lakini hiyo ni Kwale. Siku hizi unaweza kupita Dongo Kundu bila kupanda feri, ila bado ni safari. Diani ni likizo yake peke yake, usiibandike kwa siku mbili za Mombasa.

Na kama unakuja na SGR, jua kwamba stesheni iko Miritini, siyo mjini. Tiketi ya daraja la kawaida kutoka Nairobi ni elfu moja mia tano tangu Januari 2024, lakini ongeza nauli ya kuingia kisiwani. Ukipanda ile ya usiku utashushwa kabla hata hakujakucha, kwa hivyo mwambie mwenye nyumba mapema. Mwenye nyumba wa kweli atakujibu. Kisanduku hakitakujibu.

Adabu za mgeni

Salimia kwanza, kila mtu, kila saa. Pwani salamu ni mlango, usipobisha haufunguliwi. Mwenye umri mpe shikamoo yake, hata kama huku bara tumeisahau.

Vaa nguo ya kufunika magoti na mabega ukiwa mtaani. Kaptura ya kuogelea ni ya ufuoni.

Picha ya mlango ni ya bure, picha ya mtu ni ya kuombwa. Akisema hapana, hapana imetosha, hakuna haja ya kueleza una wafuasi wangapi.

Nunua kitu hapo mtaani kila siku, hata kama ni kahawa ya bob ishirini. Na ukipenda mahali, si lazima uliweke jina lake kwa kila video. Nyumba niliyolala sijaitaja hapa, na nilimwuliza bibi mwenyewe. Alisema, "Wewe waambie watu wako waje na adabu. Nyumba wataiona."

Desemba hii naenda tena, safari hii na susu. Tutalala Kizingo, magoti yake hayapandi ngazi. Amesema anataka kuona hayo maji marefu, halafu anataka kukaa na wanawake wenzake awaulize mbaazi hupikwaje na nazi. Hajauliza kama kuna bwawa la kuogelea.